Mlango wa Mama Zipu

Watu humwita Mama Zipu. Jina lake nalijua, lakini halipendi, na aliyeruhusiwa kulitumia ni mke wangu peke yake. Mke wangu hayupo tena. Basi abaki Mama Zipu.

Kazi yake ni nguo zilizochoka. Nguo mpya hashoni. Husema nguo mpya haina shida, sasa ije kwake kufanya nini? Hubadilisha zipu, hukunja pindo, hutia viraka vya ndani ambavyo hata mwenye suruali husahau vilipo. Lakini kazi anayoipenda kuliko zote ni kugeuza kola. Shati likichakaa shingoni, huifumua kola kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akaigeuza, ule upande uliokuwa umejificha ukatoka juu, akaishona tena. Shati linakuwa kama limenunuliwa jana. Makarani wa mjini humletea mashati yao ndani ya mifuko myeusi, wakitazama nyuma kama mtu aliyeiba kuku. Huwapokea bila kucheka. Wakishaondoka ndipo hucheka.

"Siri ya shingo ya mtu," husema, "anaijua dobi na mimi."

Tulikaa nyumba za safu. Zilijengwa zamani kwa wafanyakazi wa kiwanda. Kiwanda kikafa, watu wakabaki. Kila safu ilikuwa na vyumba vya upande huu na vyumba vya upande ule, vimepeana migongo. Chumba changu na cha Mama Zipu vilipeana mgongo. Ukuta mmoja. Akikohoa namsikia. Lakini ukitaka kutoka kwangu kwenda kwake lazima uzunguke safu nzima, upite bombani, uruke mtaro, ndipo ufike mlangoni pake.

Mimi nilikuwa kuli wa ghala la saruji. Nilikuwa natoka alfajiri, narudi mweupe kama mzimu. Siku aliyohamia sikumwona. Nilirudi jioni, nikakuta jiko limezimika na mke wangu hayupo. Akaingia baadaye anacheka.

"Ulikuwa wapi?"

"Nimepata dada."

"Asubuhi hukuwa na dada."

"Sasa ninaye. Ana cherehani."

Ikawa hivyo. Tangu hapo Mama Zipu akaniita shemeji, na mimi nikamwita shemeji, na hakuna aliyetuuliza undugu umetokea wapi.

Maisha yake aliyasimulia kidogo kidogo kwa mke wangu, na mke wangu akanisimulia mimi tukiwa tumelala. Alilelewa kwa baba wa kambo. Yule mzee hakuwa mpigaji, ila akikasirika alikuwa na neno moja tu: "Hapa si kwa baba yako." Akaolewa. Mume akajenga nyumba, akaoa mwingine, akamwambia, "Mwenye nyumba ni mimi, ukae kimya au uondoke." Kukaa kimya hakuweza. Akaolewa tena na mtu mwema, fundi viatu. Yule mtu mwema akafa, na udongo wa kaburi haujakauka, ndugu zake wakaja kusema nyumba ni ya kaka yetu. Akaenda kwa mwanawe. Mkwe hakumtolea neno baya hata siku moja. Ila kila asubuhi aliihamisha cherehani. Leo iko dirishani, kesho iko nyuma ya mlango, keshokutwa iko jikoni. Siku moja Mama Zipu akaikuta uani, imefunikwa gunia. Hakugombana na mtu. Akaita mkokoteni.

Ndivyo alivyofika kwetu. Kile chumba cha safu, chenye mlango ulioliwa na mchwa chini, kilikuwa cha kwanza maishani mwake ambacho ufunguo wake alikuwa nao yeye peke yake. Ufunguo wenyewe aliufunga kwenye ncha ya kanga. Mke wangu alimcheka.

"Dada, nani akuibie? Una nini humo?"

"Nina mlango."

*

Mke wangu aliugua miguu kwanza, kisha kifua. Akawa hawezi kusimama. Binti yetu anaishi mji mwingine, ana kazi na watoto, alikuja alipoweza. Mimi nilikuwa ghalani. Aliyebaki ni Mama Zipu. Alishona kidogo, akainuka, akazunguka safu, akamgeuza mgonjwa, akampa maji, akazunguka tena kurudi kwenye cherehani. Kutwa nzima anazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Mvua zikaja. Mtaro ukafurika. Siku moja aliuruka akiwa na birika la maji ya moto ya kumwogeshea mgonjwa, mguu ukateleza, maji yakamuunguza mkono. Mkono wa kushonea.

Kesho yake nilirudi kazini nikakuta vumbi limejaa chumbani. Mke wangu kalala, kajifunika shuka hadi usoni, anacheka mpaka anakohoa. Ukutani kuna tundu. Ndani ya tundu kuna uso wa Mama Zipu, mweupe kuliko mimi.

"Shemeji," akasema, "umekuja wakati mzuri. Malizia huku juu, mimi sifiki."

Mkononi ana nyundo ya kuvunjia mkaa.

"Shemeji! Ukuta wa watu huu!"

"Ukuta wa watu, mgonjwa wetu. Shika nyundo."

Nilishika nyundo. Ukuta wenyewe ulikuwa matofali ya udongo na chokaa, haukubisha sana. Tulipomaliza mtu aliweza kupita akiinama. Mama Zipu akashona pazia kwa vipande vya bitana alivyokuwa amevitoa kwenye makoti ya watu, kila kipande rangi yake. Mke wangu akawa analala anamtazama mwenzake akishona. Walikuwa wanazungumza mchana kutwa. Nilikuwa nikirudi nawakuta bado hawajamaliza.

Na kwa kuwa maji ya mtaro yalikuwa yanaingia kwa mlango wa Mama Zipu, akauziba kwa matambara, akasukuma cherehani mbele yake ili mwanga wa dirisha la pembeni uiangukie. Akawa anatoka na kuingia kwa mlango wangu. Hatukuona ubaya wowote. Ubaya uko wapi?

*

Habari ya mradi tuliisikia miaka mingi kabla haijafika, kama mvua ya mbali. Walisema safu zitabomolewa. Walisema yatajengwa maghorofa, na humo watakaa watu wa kila namna, mwenye gari na asiye na baiskeli, ngazi moja. Sisi wa safu tutapewa nyumba humo kwa kodi yetu ile ile ya kawaida, na nyumba nyingine zitapangishwa kwa wenye uwezo. Nani aamini? Tulishazoea kwamba maskini akiambiwa asogee kidogo, husogezwa mpaka porini.

"Watatuwekea mlango wa nyuma," alisema Fundi Redio. "Na ngazi ya mbao."

Huyu Fundi Redio alikaa upande wa Mama Zipu, mlango wa pili kutoka kwake. Hawakuwa wanaelewana. Yeye hutengeneza redio, na redio ikishapona huijaribu kwa sauti yote, kutwa. Mama Zipu aliwahi kumwambia watu waliomo ndani ya redio zake wana adabu kuliko yeye. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa kukohoa.

Lakini mradi ulikuja kweli. Ghorofa la kwanza likaanza kuinuka kwenye uwanja mtupu pembeni yetu, ili watu watoke chumbani waingie nyumba mpya bila kulala nje. Kisha wakaja watu wa kuhesabu, na kopo la rangi nyekundu. Waliandika namba kwenye kila mlango. Mlango wenye namba, nyumba moja mpya. Rahisi kama hivyo.

Siku waliyokuja kuandika, sisi hatukuwepo. Mke wangu alikuwa amezidiwa, tulikuwa naye hospitali, mimi na Mama Zipu. Wahesabuji wakafika mlangoni pa Mama Zipu, wakabisha, kimya. Wakasukuma, haufunguki, nyuma yake kuna cherehani. Wakamuuliza mtoto wa jirani, huyu anapita wapi? Mtoto akasema ukweli: anapita kule kwa babu. Wakachungulia dirishani, wakaona tundu na pazia. Wakaandika namba kwenye mlango wangu. Wake wakauacha.

Mimi ile namba niliiona siku tunatoa kitanda nje, kwa sababu ya msiba. Niliitazama tu. Ningeona hata mlango umeota pembe, siku ile nisingeshangaa.

Tulimzika. Watu walikaa, wakaondoka. Binti yangu alikaa zaidi, naye akaondoka. Pazia likabaki linaning'inia. Jioni Mama Zipu alikuwa ananipitishia kikombe cha chai kwenye tundu bila kusema neno, nami nilikuwa nakunywa bila kusema neno. Hatukuziba tundu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

*

Tuliyagundua mambo pale walipoanza kuita watu kwenda kuoneshwa nyumba zao. Niliitwa. Mama Zipu hakuitwa. Akaenda mwenyewe ofisini kwa mradi, ile ya mabati pale pembeni ya ujenzi. Mkuu wake alikuwa msichana mmoja mwenye kofia ngumu ya njano ambayo haikumtosha, ikawa inamfunika nyusi. Tulimwita Dada Kofia. Alikuwa na adabu, alimpa mama kiti.

"Mama, wewe umeandikwa kwa mzee. Nyumba yenu ni moja."

"Yetu na nani?"

"Yako na mumeo."

Mama Zipu alirudi hivyo hivyo, hakuaga. Akakaa kwenye cherehani, hakushona. Nilimchungulia kupitia pazia.

"Shemeji, wamesemaje?"

"Wamesema nimeolewa."

"Na nani?"

"Na wewe, mzee mzima wee! Hata mahari hukutoa!"

Akacheka. Kisha kicheko kikaisha ghafla, akaanza kufuta cherehani kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi.

Habari ikazunguka safu. Kila mtu akawa na dawa yake. Wa kwanza alikuwa mwashi mmoja, mpangaji mwenzetu.

"Rangi nyekundu ninayo. Tunaziba tundu, tunapiga plasta, tunaandika namba mlangoni kwake. Asubuhi nani atajua?"

Ila kulikuwa na bwana mmoja safu ya mbele alikuwa keshatangulia. Aliandika namba kwenye banda la kuku. Dada Kofia alikuta jogoo amesimama juu ya namba yake kama mwenye nyumba. Tangu hapo ofisi ya mabati ikawa haiamini mtu. Watu walikuwa wanapeleka binamu zao, shangazi zao, wote wanaapa wamezaliwa kwenye safu. Dada Kofia alikuwa anasikiliza, anasogeza kofia, anasema hapana.

Wengine dawa yao ilikuwa nyepesi.

"Si muoane tu? Ninyi mmebaki wawili, nyumba ni moja, kelele za nini?"

Hata binti yangu alisema kwenye simu: "Baba, mchukue Mama Zipu mkae naye. Nyumba mpya ina vyumba viwili. Yeye chake, wewe chako. Mama angefurahi."

Nilikwenda kumwambia. Nilizunguka nje. Sikutaka kumwambia jambo kama hilo kupitia tundu. Mlango wake umezibwa, nikasimama dirishani.

"Shemeji, njoo ukae kwangu. Chumba kimoja chako, hakuna atakayekugusa."

Alisimamisha cherehani.

"Shemeji, wewe ni mtu mwema. Fundi viatu naye alikuwa mtu mwema." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nimekaa kwa baba. Nimekaa kwa mume. Nimekaa kwa mume wa pili, nimekaa kwa mwanangu. Wote walisema karibu. Ukifa wewe, binti yako atakuja, na yeye pia ni mtu mwema, na ataniambia mama, usijali. Nikisikia usijali najua nianze kufunga mizigo."

Nikaegemea dirisha.

"Na tena," akasema, "unakoroma. Mke wako alinieleza yote."

Nilirudi kwangu. Usijidanganye kwamba mtu akitania hana uchungu. Yule mama alikuwa anatania akiwa amesimama ukingoni mwa shimo. Asipopata nyumba, safu zikibomolewa hakuna pa kwenda isipokuwa kwa mwanawe, na cherehani uani chini ya gunia. Nami nilikuwa naona kwamba yote hayo ni kwa sababu alikuwa anampa mke wangu maji.

*

Nilikwenda ofisini kwa Dada Kofia. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikata kauli.

"Mzee, mimi nakuamini. Lakini nikimwandika huyu kwa sababu ya imani, na mwenye kuku ataniuliza. Naomba kitu kimoja. Kama hizi zilikuwa nyumba mbili, lipo jambo la kuonesha zilikuwa mbili. Siyo maneno ya marafiki. Marafiki wote husema ndiyo."

"Karatasi za kodi zililoa kwenye mafuriko."

"Basi nitakuja mwenyewe. Kesho mchana."

Akaja. Tulikusanyika bombani, safu nzima, pande zote mbili. Mama Zipu alivaa gauni lake la kwendea harusi, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Watu wakaanza kusema. Mwashi akasema. Muuza maji akasema huyu mama ana nyumba yake tangu nina meno yote. Mama mmoja akalia kabisa, akasema Mama Zipu alimtilia binti yake kiraka kwenye sare ya shule bila kumwambia lete hela. Dada Kofia alimwitikia kila mmoja kwa kichwa, lakini hakuandika kitu. Niliona. Na Mama Zipu aliona.

Ndipo Fundi Redio akasimama. Niliwaza, huyu sasa ndiye anakuja kupigilia msumari.

"Mimi si rafiki yake," akasema.

"Hilo wote tunalijua!" mtu akapiga kelele.

"Nyamazeni. Mimi nina malalamiko. Wewe dada ni serikali?"

"Mimi ni wa mradi, mzee."

"Inatosha. Naleta malalamiko. Huyu mama hafagii mtaro."

Watu wakaguna. Mwashi akamvuta shati akae. Hakukaa.

Hapa nieleze habari ya ufagio. Mtaro wetu ulikuwa na ufagio mmoja wa miti, mrefu. Kila nyumba ilikuwa na zamu. Ukimaliza kufagia, unauchukua ufagio unauegemeza kwenye mlango wa nyumba inayofuata. Husemi neno, hubishi. Mwenye mlango akitoka akaukuta, anajua zamu imefika. Hatukuwa na mwenyekiti, hatukuwa na katibu. Tulikuwa na ufagio. Na ulikuwa unakwenda mlango kwa mlango tangu kiwanda kikiwa hai.

"Kila zamu yake," akaendelea Fundi Redio, "anafagia katikati, pembeni anaacha. Mimi ndiye ninayemfuata, kile chumba katikati yetu ni stoo tupu. Uchafu wake nauzoa mimi! Nimevumilia. Lakini safari hii imezidi. Ufagio umefika mlangoni kwake tangu wiki iliyopita na hadi leo hajaugusa. Mtaro unanuka. Kwa kuwa anahama, ndio atuachie na uvundo?"

Mama Zipu akainuka kutoka kwenye ndoo yake.

"Wiki hii nimekuwa na akili ya kufagia? Nafukuzwa, wewe unanihesabia mtaro!"

"Zamu ni zamu! Kufukuzwa utafukuzwa baada ya kufagia!"

Watu wakacheka, wengine wakazomea. Dada Kofia alikuwa hacheki. Alisukuma kofia nyuma, nikaona macho yake kwa mara ya kwanza.

"Mzee, ngoja. Zamu yake ipi? Siyo zamu ya huyu mzee hapa?"

"Huyu? Huyu ana zamu yake, upande wa huko. Na yeye anafagia vizuri. Huyu mama ana yake."

"Hata baada ya ukuta kutobolewa?"

"Tundu linahusiana nini na mtaro? Watu wakitoboa kuta ndio waache kufagia?"

"Na ufagio unawekwa mlango gani? Wa mzee?"

"Mlango wake mwenyewe! Ule uliozibwa. Huwa anazunguka kuja kuuchukua. Nenda ukaone, uko pale pale. Nenda!"

Dada Kofia akainuka. Safu nzima ikainuka naye. Tukazunguka, watu wakiruka mtaro, ambao kweli ulikuwa unanuka. Tukafika. Mlango wa Mama Zipu ulikuwa umefungwa, umeliwa na mchwa, hauna namba. Na ufagio umeuegemea. Buibui alikuwa ameshatandika utando kutoka kwenye mti wa ufagio hadi kwenye kitasa.

Dada Kofia aliutazama ule utando. Akamwita mtoto aliyesimama karibu.

"Ufagio ukitoka kwa muuza maji unakwenda kwa nani?"

"Kwa Mama Zipu."

"Halafu?"

"Kwa babu wa redio. Halafu babu anagomba."

Akamuuliza na mwingine, na mama mzee aliyekuwa hasikii vizuri, na akamwendea muuza maji pembeni. Wote walitaja milango ile ile, kwa mpango ule ule. Hakuna aliyefikiri hata kidogo. Kwao ilikuwa kama kuulizwa baada ya asubuhi kunakuja nini.

Dada Kofia akamgeukia Fundi Redio.

"Mzee, na kama ninyi mmeuweka ufagio hapa makusudi ili kumsaidia?"

Fundi Redio akajishika kifua.

"Mimi? Nimsaidie huyu?"

Kicheko kilichopasuka pale nadhani kilisikika hadi ghorofani kwa mafundi. Dada Kofia naye akashindwa. Alicheka mpaka kofia ikaanguka mtaroni.

Aliiokota mwenyewe. Kisha akaomba kopo la rangi. Mwashi akalileta mbio, akasahau kwamba hakutakiwa kuwa nalo. Dada Kofia akaandika namba kwenye ule mlango kwa mkono wake, rangi ikachuruzika kidogo chini ya tarakimu. Mama Zipu alisimama anaitazama. Hakupiga kigelegele, hakulia. Alichukua ufagio, akakunja gauni la harusi hadi magotini, akashuka mtaroni akaanza kufagia.

"Na pembeni," akasema Fundi Redio.

"Na pembeni," akasema Mama Zipu.

Hadi leo sijui kama yule mzee alijua anachofanya. Nimemuuliza. Alinijibu kwamba mtaro ulikuwa unanuka, na kwamba nisimpotezee muda.

*

Tumehamia. Mlango wa nyuma haukuwepo, wala ngazi ya mbao. Ngazi ni moja na wote tunahema juu yake sawasawa. Mimi niko ghorofa ya kwanza, Mama Zipu ya pili. Ubavuni mwake anakaa mhasibu, kijana mwenye gari, amekuja na mkewe na sofa ambalo lilikwama kwenye ngazi mpaka sisi makuli wazee tukamwonesha namna ya kuligeuza. Mwanzoni alikuwa anatusalimia haraka haraka, kama mtu anayepita kwenye mvua. Wiki ya pili nilimkuta mlangoni kwa Mama Zipu na mfuko mweusi, anatazama nyuma. Nikajua ni kola.

Mke wangu hakuiona nyumba hii. Kuna maji ndani, ya bomba. Kila nikifungua bomba namkumbuka. Sitasema zaidi.

Jambo ninalotaka kulimalizia ni la asubuhi ya kwanza baada ya kuhama. Niliamka mapema kama kawaida ya kuli. Chai yangu tangu msiba nilikuwa nainywa na shemeji, basi nikapanda ngazi. Mlango wake ni wa mbao ngumu, umepakwa vanishi, unang'aa. Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena.

"Nani?"

"Mimi, shemeji."

"Una shida?"

"Sina. Nimekuja chai."

"Nimelala."

"Jua limetoka!"

"Nimeliona. Nimelala nalitazama." Kitanda kikalia, akajigeuza. "Shemeji, hapa ni kwa nani?"

"Kwako."

"Basi rudi baadaye."

Nikasikia anacheka humo ndani, peke yake, kicheko kirefu cha mtu aliyejinyoosha kitandani. Nami nikaanza kushuka, na kwenye ngazi kicheko kikanishika. Nilikuwa sijacheka tangu tumzike. Ilibidi nikae chini, nishike chuma cha ngazi, machozi yananitoka. Mhasibu akatokea na mkoba wake wa kazini, akaruka ngazi kuja kunishika bega.

"Mzee, vipi? Uko salama?"

Nikamwambia niko salama. Shemeji amenifungia mlango.